Jirani wa sda1: nilivyopanua patisheni ya mfumo kwenye mashine pepe

Ijumaa moja, saa tisa alasiri, nilipigiwa simu na mhasibu wa ofisi ya akiba na mikopo ambayo seva yake naihudumia. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaingia moja kwa moja kwenye jambo lake: "Mwanangu, mfumo umegoma. Kila nikihifadhi risiti unaniambia nijaribu tena baadaye, na wanachama wako foleni." Nilimwomba aandike miamala kwenye daftari kwa muda, nikaingia kwenye seva kutoka nilipokuwa, nikaandika df -h, amri inayoonyesha nafasi ya diski. Mstari wa mzizi wa mfumo, yaani eneo lenye mfumo wote na mafaili yake, ulisomeka hivi: ukubwa 19G, zilizotumika 18G, zilizobaki 0, asilimia 100.

Seva hiyo ni mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu, yenye mfumo wa Linux wa Debian 12 na inayoendeshwa na VirtualBox ndani ya kompyuta ya mezani yenye Windows, na diski yake nzima ni faili moja la aina ya VDI ambalo siku ya kwanza lilipewa gigabaiti 20. Wakati ule zilitosha. Ninaandika habari hii kwa urefu kwa sababu kazi ya kupanua patisheni ya mfumo, yaani kipande cha diski chenye mzizi, ambacho Linux hukiita sda1, huelezwa mara nyingi kama amri mbili tatu za kunakili, na anayezinakili hukwama palepale nilipowahi kukwama mimi: anaongeza ukubwa wa diski, anawasha mashine, na mzizi bado una gigabaiti 19. Diski imekua, patisheni haikukua, wala hakuna ujumbe wa kosa unaomweleza sababu.

Kwanza niondoe utata wa hesabu ile ya df. Ukitoa 18 kwenye 19 unapaswa kubaki na 1, lakini safu ya nafasi iliyobaki ilisema sifuri. Mfumo wa faili wa ext4, yaani utaratibu wa kupanga mafaili unaotumika kwenye seva hii, unapoundwa kwa mipangilio ya kawaida, hutenga asilimia 5 ya nafasi yake kwa ajili ya root, msimamizi mkuu wa mashine, peke yake. Watumiaji wengine wote, akiwemo postgres anayeendesha hifadhidata, huambiwa kwamba nafasi imekwisha huku root akiwa bado na karibu gigabaiti moja ya kufanyia kazi. Akiba hiyo ndiyo iliyoniwezesha kuingia na kuandika siku ile, na ndiyo maana simshauri mtu yeyote aipunguze kwa tune2fs kwenye patisheni ya mfumo ili tu apate nafuu ya wiki mbili.

PostgreSQL, programu ya hifadhidata hiyo, inaposhindwa kuandika kwenye shajara yake ya miamala husimama yenyewe kuliko kuendelea na kuharibu data, na hivyo ndivyo ilivyokuwa imefanya. Hapa naomba msomaji aniamini hata kama ana haraka: usifute kitu chochote kwa mkono ndani ya pg_wal, saraka inamokaa shajara hiyo. Mafaili yaliyomo yana majina marefu ya tarakimu na herufi, yanafanana na takataka za zamani, na kila moja lina megabaiti 16, kwa hiyo kishawishi ni kikubwa. Ukiyafuta, hifadhidata inaweza isiamke tena. Nilitafuta nafuu kwingine. Amri ya apt-get clean ilifuta mafaili yaliyopakuliwa ya vifurushi vilivyokwisha kusakinishwa, journalctl --vacuum-size=100M ikapunguza kumbukumbu za mfumo, nikapata megabaiti mia tisa na kitu, hifadhidata ikaamka, na mhasibu akamaliza siku yake.

Nafuu hiyo ilinipa muda wa kujiuliza swali ambalo nadhani lazima litangulie kupanua: je, nafasi imeliwa na takataka au na kazi halali? Patisheni iliyojaa kwa sababu programu fulani inaandika mistari elfu ya makosa kila dakika itajaa tena hata ukiipa gigabaiti 500, na utakuwa umeongeza tu muda wa kusubiri tatizo lilelile. Niliendesha du -xh --max-depth=2 /, amri inayopima ukubwa wa kila saraka, na kupanga matokeo kwa sort -h. Herufi x ni muhimu kwa sababu inaizuia du kuvuka kwenda kwenye mifumo mingine ya faili iliyopachikwa, la sivyo hesabu huchanganyika. Jibu lilikuwa wazi: zaidi ya nusu ya nafasi ilikuwa ndani ya /var/lib/postgresql, kwani tangu mwanzoni mwa mwaka ofisi ilikuwa imeanza kuhifadhi picha za vitambulisho na fomu za wanachama ndani ya hifadhidata yenyewe. Hiyo ni kazi halali. Nikaomba nipewe Jumapili.

Kabla ya kugusa diski nilihakikisha mambo mawili ya usalama. Nilichukua nakala ya hifadhidata kwa pg_dump, lakini badala ya kuiandika kwenye diski iliyojaa niliipitisha kwa ssh, njia salama ya mtandao, hadi kwenye kompyuta yangu, kisha nikairejesha huko na kulinganisha idadi ya wanachama na jumla ya akiba zao na zile zilizoko kwenye seva. Zililingana. Halafu Jumapili asubuhi, mashine pepe ikiwa imezimwa kabisa, nilinakili folda yake nzima kwenye diski ya nje ya USB. Faili lenye diski ya mashine pepe ni faili kama lingine lolote, na hiyo ni faida ambayo kompyuta ya kawaida haikupi kwa urahisi hivyo: unaweza kunakili kompyuta nzima na kuirudisha ilivyokuwa.

Sasa niseme namna ninavyoielewa kazi yenyewe. Faili la VDI ni kiwanja. Jedwali la patisheni ni uzio uliogawa kiwanja hicho vipande. Mfumo wa faili ni nyumba iliyojengwa ndani ya uzio. Halmashauri ikikuongezea kiwanja kwa nyuma, uzio hausogei wenyewe, na hata uzio ukisogezwa, nyumba haiongezeki vyumba mpaka ujenge. Ni kazi tatu, kila moja ina chombo chake, na ya chini haiijulishi ya juu. Ukipanua, unaanzia nje kwenda ndani. Ukipunguza, unaanzia ndani kwenda nje, na anayekosea mpangilio wakati wa kupunguza hukata nyumba yake mwenyewe. Kazi ya kwanza na ya tatu ni nyepesi. Inayowashinda watu ni ya katikati, kwa sababu uzio hausogezwi bila kuangalia ni nani anayeishi upande wa pili.

Kazi ya kwanza ilinichelewesha kwa jambo moja tu. Kwenye orodha ya mashine nilikuta snapshoti, yaani kumbukumbu ya hali ya mashine ya wakati fulani, iliyochukuliwa na fundi aliyenitangulia, miezi mingi nyuma, kabla ya kusasisha mfumo. VirtualBox inapokuwa na snapshoti huligandisha faili la msingi, na kila kinachoandikwa baada ya hapo huenda kwenye faili la tofauti lililoko kwenye folda ya Snapshots. Ukiongeza ukubwa wa faili la msingi pekee, faili la tofauti hubaki na ukubwa wake wa zamani, na mashine huendelea kuuona ule wa zamani. Ilibidi kwanza niifute snapshoti, jambo ambalo jina lake linatisha bila sababu: kuifuta snapshoti hakurudishi mashine nyuma, bali huyaunganisha mabadiliko yote na faili la msingi. Kuunganisha huko kulichukua kama nusu saa na kunahitaji nafasi ya ziada kwenye kompyuta mwenyeji, kwa hiyo usianze iwapo diski ya Windows yenyewe imebana.

Baada ya hapo, kwenye dirisha la amri la Windows, ndani ya folda ya VirtualBox, niliandika:

VBoxManage modifymedium disk "D:\Mashine\seva.vdi" --resize 61440

Namba hiyo ni megabaiti, yaani 60 mara 1024. Toleo la 6.0 na yaliyofuata yana pia kitelezi cha kufanya hivyo kwa kipanya, lakini mimi napendelea kuandika namba kwa sababu amri hii hairudishi nyuma: inakubali kuongeza tu, haikubali kupunguza. Faili lenyewe halikuruka kufika gigabaiti 60 papo hapo, kwa kuwa ni la aina inayokua kadiri data inavyoandikwa. Hilo ni jema, ila linamaanisha kwamba umeiahidi mashine pepe nafasi ambayo kompyuta mwenyeji inapaswa kuwa nayo kweli siku itakapodaiwa. Diski ya mwenyeji ikijaa, VirtualBox huisimamisha mashine ilipo. Nilihakikisha kwamba D: ina zaidi ya gigabaiti 200 huru kabla sijaendelea.

Niliiwasha mashine na kuandika lsblk, amri inayoorodhesha diski (hapa sda) na patisheni zake (sda1 na kuendelea). Naweka hapa kilichoonekana, kwa sababu kila kitu kilichofuata kilitokana na kukisoma kipande hiki kwa utulivu:

sda 60G
sda1 19G /
sda2 1K
sda5 975M [SWAP]

Mstari wa kwanza unathibitisha kwamba kiwanja kimeongezeka. Mstari wa pili unaonyesha kwamba mzizi uko palepale. Mistari miwili ya mwisho ndiyo jirani. Programu ya kusakinisha Debian, ukiiachia igawe diski yenyewe kwa njia ya patisheni moja kwa mafaili yote, huuweka mzizi mwanzoni, kisha nyuma yake huweka patisheni ya gamba, ambayo kazi yake ni kubeba patisheni nyingine ndani yake, na ndani ya gamba hilo huweka swapu, nafasi ya kuisaidia RAM. Ndiyo maana sda2 inaonekana kuwa na ukubwa wa ajabu wa 1K: kernel, yaani kiini cha Linux, haikuonyeshi upana wake halisi kwa sababu haitaki mtu aandike juu yake. Na ndiyo maana namba zinaruka kutoka 2 hadi 5: kwenye jedwali la aina ya MBR namba 1 hadi 4 zimetengwa kwa patisheni kuu na gamba, na zinazoishi ndani ya gamba huanzia 5.

Kwa hiyo gigabaiti 40 mpya zilikuwa mwisho kabisa wa diski, na kati yake na mzizi palikuwa na gigabaiti moja ya swapu. Patisheni hukua kuelekea kulia tu, hadi pale inapokutana na inayofuata. Nilijaribu growpart /dev/sda 1, amri ya kupanua patisheni, nikijua itakavyojibu, nayo ikajibu kwa neno NOCHANGE na kueleza kwamba patisheni haiwezi kukua. Watu wengi wanapoliona neno hilo hudhani kwamba diski haikuongezeka na hurudi VirtualBox kuongeza tena. Diski imeongezeka. Jirani ndiye aliyeziba.

Jirani mwenyewe, kwa bahati njema, alikuwa wa kuhamishika. Swapu haina data ya kudumu. Ni mahali ambapo kernel huegesha kurasa za kumbukumbu pale RAM inapobana, na ikizimwa vizuri, vilivyomo hurudi kwenye RAM. Niliangalia free -h kwanza nione kama RAM ina nafasi ya kupokea kilichoegeshwa, nikaandika swapoff /dev/sda5, kisha nikachukua picha ya jedwali kwa sfdisk -d /dev/sda na kulituma faili hilo kwenye kompyuta yangu. Ni mistari michache ya maandishi ya kawaida, na ikitokea umekosea, sfdisk hiyohiyo hulisoma faili hilo na kurudisha jedwali lilivyokuwa.

Hapa niseme kwa kirefu kidogo jedwali hili ni nini, kwani hofu nyingi hutokana na kutolijua. MBR yote inakaa kwenye sekta ya kwanza ya diski, baiti 512, na ndani yake orodha ya patisheni huanzia baiti ya 446 ikiwa na nafasi nne tu, kila moja baiti 16. Kila nafasi inasema, pamoja na mambo mengine machache, patisheni inaanzia sekta gani na ina sekta ngapi. Data yako haimo humo. Kwenye mashine yangu sda1 ilianzia sekta ya 2048, na kupanua kwote maana yake ni kuiacha namba hiyo kama ilivyo na kubadilisha ile ya pili. Maadamu mwanzo haukusogea hata kwa sekta moja, mfumo wa faili utajikuta palepale ulipokuwa, ila ukiwa na uwanja mpana nyuma yake. Mwanzo ukikosewa, kernel itafungua mahali pasipo sahihi na kusema kwamba haioni mfumo wowote wa faili, ingawa hakuna faili hata moja lililofutwa.

Kwa kuwa namba hizo zina biti 32, MBR yenye sekta za baiti 512 haiwezi kuhesabu zaidi ya terabaiti 2. Kwa ofisi ndogo hilo si kikwazo.

Niliondoa swapu na gamba lake kwa parted, chombo cha kuhariri jedwali la patisheni:

parted /dev/sda rm 5
parted /dev/sda rm 2

Kila mara parted ilinikumbusha kwamba huenda nikahitaji kusahihisha /etc/fstab, faili linaloorodhesha patisheni za kutumiwa mashine inapowaka. Nitarudi kwenye ukumbusho huo. Sasa nyuma ya sda1 palikuwa wazi hadi mwisho wa diski, na growpart /dev/sda 1 ikakubali, ikaandika CHANGED na kuonyesha partition=1 start=2048, namba ileile. Angalia kwamba kati ya jina la diski na namba ya patisheni pana nafasi. Ukiandika /dev/sda1 kwa kuunganisha, growpart haitakuelewa, na kosa hili nimeliona kwa karibu kila kijana niliyemfundisha. Kwenye Debian na Ubuntu chombo hiki kimo kwenye kifurushi cha cloud-guest-utils. Na ikiwa diski imejaa hadi root mwenyewe hana pa kuandika, growpart hushindwa kwa sababu huhitaji kuunda saraka ndogo ndani ya /tmp. Dawa ni kupachika tmpfs ya megabaiti 10 juu ya /tmp kwa muda, ili maandishi hayo yaende kwenye RAM, kisha kuiondoa kazi ikiisha.

Kabla sijaifahamu growpart nilikuwa natumia fdisk, chombo cha zamani cha kuhariri jedwali, na bado ipo kila mahali, kwa hiyo nieleze mahali pake pa hatari. Kwa fdisk unaifuta sda1 na kuiunda upya kwa mwanzo uleule wa 2048 na mwisho mpya. Kufuta hapo ni kwa maandishi tu, wala hakuna kinachoguswa mpaka ubonyeze w. Lakini mara unapounda upya, fdisk inagundua kwamba eneo hilo lina alama ya ext4, na inakuuliza kama unataka kuiondoa. Jibu ni N. Ukijibu Y, itafuta alama inayotambulisha mfumo wako wa faili, na mashine haitawaka. Swali hilo moja ndilo limewafanya watu wengi waamini kwamba kupanua mzizi bila diski ya uokoaji ni jambo lisilowezekana.

Kazi ya tatu ilikuwa sekunde chache. Niliandika resize2fs /dev/sda1 huku mfumo ukiwa umewaka na mzizi ukiwa umepachikwa, kwani ext4 hukubali kupanuliwa ikiwa kazini. Amri ikasema idadi mpya ya bloku, na df -h ikaonyesha 59G. Wenye XFS, mfumo mwingine wa faili, ambayo ndiyo kawaida kwenye jamii ya Red Hat, hutumia xfs_growfs na kuitajia mahali ilipopachikwa, yaani alama ya / yenyewe, badala ya jina la patisheni.

Nafasi ilipopatikana, nilirudisha swapu, safari hii ikiwa faili ndani ya mzizi badala ya patisheni. Nililijaza kwa dd hadi gigabaiti 2, nikalipa ruhusa ya 600 ili asilisome mtu mwingine, nikaendesha mkswap na swapon. Kwa maoni yangu hii ndiyo namna inayofaa mashine pepe siku zote: faili la swapu halizibi njia ya mtu, na ukitaka kulikuza unalizima, unalifuta na kuunda jingine. Laiti mpangilio huu ungechaguliwa siku ya kusakinisha, kazi yote ya katikati ingekuwa mstari mmoja.

Ndipo nikarudi kwenye ukumbusho wa parted. Ndani ya /etc/fstab kulikuwa na mstari unaoitaja swapu ya zamani kwa UUID yake, yaani namba yake ya utambulisho. Ukiuacha, systemd, programu inayoanzisha huduma za mashine, itaisubiri diski hiyo isiyokuwepo kwa sekunde 90 kila mashine inapowaka, na kwa mtu aliyetoka kubadilisha jedwali la patisheni sekunde hizo 90 za skrini iliyosimama ni ndefu kweli. Mara ya kwanza iliponipata, miaka iliyopita, nilizima mashine kwa nguvu katikati nikiamini nimeiua. Nilibadilisha mstari ule uelekee /swapfile. Kuna mahali pa pili panaposahauliwa zaidi: initramfs, mfumo mdogo unaotangulia mashine inapowaka, nayo hukumbuka patisheni ya swapu kwa ajili ya kuamka kutoka usingizini. Kama faili la /etc/initramfs-tools/conf.d/resume lipo, liandike RESUME=none, kisha endesha update-initramfs -u. Hata kama halipo, endesha amri hiyo, kwa sababu picha ya zamani iliundwa wakati sda5 ikiwa hai. Baada ya hayo niliwasha mashine upya mara mbili, si mara moja, nikaitazama ikiamka bila kusubiri chochote.

Si kila mashine ina jirani wa aina hii. Ubuntu Server, ukikubali mpangilio wake wa kawaida wa LVM, tabaka linalogawa nafasi ya diski juu ya patisheni, hukuletea hali inayoshangaza zaidi: mzizi unajaa wakati diski ina nafasi kubwa ambayo haijawahi kuguswa. Programu yake ya kusakinisha huipa diski yenye kati ya gigabaiti 20 na 200 nusu tu ya nafasi kwa ajili ya mzizi, na kwa zinazozidi 200 huipa gigabaiti 100, ikiacha zilizobaki ndani ya kundi la LVM kwa ajili ya baadaye. Kusudi ni zuri, ila wengi hawaambiwi. Kabla hujaomba diski kubwa zaidi, andika vgs na usome safu ya VFree. Ikiwa ina kitu, basi lvextend -r -l +100%FREE /dev/ubuntu-vg/ubuntu-lv inamaliza kila kitu, kwani ile -r hupanua na mfumo wa faili papo hapo. Ikiwa ni sifuri kweli, basi unaongeza diski, unasogeza patisheni kwa growpart, unaijulisha LVM kwa pvresize, ndipo lvextend.

Mashine zenye jedwali la GPT, aina mpya zaidi kuliko MBR, zina jambo jingine dogo. GPT huweka nakala yake ya pili mwisho kabisa wa diski, na diski ikiongezwa nakala hiyo hubaki katikati, mahali ambapo zamani palikuwa mwisho. Vyombo vitalalamika. sgdisk -e huihamishia mwisho mpya, na parted ikikuuliza kama irekebishe, ikubalie.

Kwenye Windows jirani ni mwingine na anastahili heshima zaidi. Tangu toleo la 2004 la Windows 10, programu ya kusakinisha huweka patisheni ya urejeshaji mara tu baada ya C:, kwa hiyo unapoongeza diski ya mashine pepe na kufungua Disk Management, chaguo la Extend Volume huwa limefifia na halibonyezeki. Nafasi mpya iko upande wa pili wa patisheni ya urejeshaji, na dirisha hilo halikuruhusu kuifuta. Nimeona watu wakiifuta kwa diskpart na kuendelea na maisha, hadi siku Windows inapokataa kuwaka nao hawana mazingira ya kuirekebisha. Njia ninayoifuata ni kuanza na reagentc /disable, ambayo hulirudisha faili la Winre.wim, lenye mazingira hayo ya urejeshaji, kwenye C:\Windows\System32\Recovery, na kulihakikisha kwa macho kwamba lipo hapo. Ndipo ndani ya diskpart naichagua patisheni ya urejeshaji na kuifuta kwa delete partition override, napanua C: huku nikibakisha gigabaiti moja mwishoni, kwenye gigabaiti hiyo naunda patisheni mpya ya NTFS, naipa utambulisho wa patisheni za urejeshaji, ambao kwa GPT ni de94bba4-06d1-4d40-a16a-bfd50179d6ac, pamoja na sifa ya 0x8000000000000001, na kumalizia kwa reagentc /enable. Gigabaiti nzima inaweza kuonekana nyingi, lakini Januari 2024 lilitoka sasisho la mazingira hayo kwa Windows 10 lililohitaji megabaiti 250 zilizo huru, na kompyuta ambazo patisheni yake ilikuwa finyu zilishindwa kulipokea na kuonyesha kosa la 0x80070643.

Na kwenye mashine za kukodi za wingu huenda usifanye lolote kati ya haya. Picha zake nyingi huja na cloud-init inayosogeza uzio na kujenga vyumba yenyewe mashine inapowaka upya, mradi mzizi uwe patisheni ya mwisho, na waandaaji wa picha hizo huuweka mwisho kwa makusudi.

Nikirudi ofisini kwetu: Jumatatu saa mbili asubuhi nilikuwapo mhasibu alipofungua mfumo. Aliingiza miamala ya Ijumaa kutoka kwenye daftari, mmoja mmoja, nami nikiwa nimekaa pembeni na df -h kwenye skrini yangu. Mzizi ulisomeka asilimia 32. Niliongeza hati ndogo inayoendeshwa kila usiku, ambayo hunitumia barua pepe mzizi unapofika asilimia 80, na nakala ya mashine ya zamani nikaiacha kwenye diski ya nje, imeandikwa tarehe kwa kalamu ya wino, mpaka hesabu za mwisho wa mwezi zilipofungwa bila tofauti.